Jumanne ya Wifi Mkasi

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, tulimwita Mkasi: kwa kazi yake, na kwa mdomo wake. Tulikuwa na chumba kimoja cha ushonaji, vyerehani viwili na meza moja ya kukatia. Mimi shule niliishia darasa la saba, lakini nikikata gauni la harusi hakibaki kipande cha kutosha leso. Mtaa ulianza kulijua hilo, na Mkasi alilijua zaidi.

Mwezi wa kwanza tu akaniambia, "Wifi, Jumanne hakikatwi kitambaa, fundi hukaa nyumbani. Nguo ya Jumanne huishia sanda."

"Kasema nani?"

"Wakubwa. Unataka kubishana, nenda kawafukue."

Nikacheka. Jumanne moja nikakata shati la mume wangu, la mistari ya buluu. Kabla sijatia kola, nikaletewa habari: kaanguka kazini, hakuinuka. Msibani Mkasi akaniinamia sikioni. "Si nilikwambia?"

Tangu hapo, miaka thelathini na mmoja, Jumanne sikukanyaga pale. Niliwakataza wanangu, wakawakataza wenzao, mpaka mafundi wa mtaa mzima wakashika mwiko. Shati nikalifungia sandukuni. Nilijiona muuaji, na sikumwambia mtu.

Mwaka jana nilisahau miwani kazini. Ilikuwa Jumanne, nikajiambia naichukua tu, mkasi sigusi. Nikamkuta Mkasi kainamia kitambaa cha atlasi nyeupe, cha gauni la harusi, anakata.

"Wifi! Leo Jumanne!"

Akacheka hadi akashika kiuno. "Bibi wewe, bado tu? Jumanne ndiyo siku ya mabibi harusi kuja kupimwa. Wangekuona wewe, mimi angenitaka nani? Ile ya sanda niliitunga mwenyewe, nimesimama hapo hapo ulipo."

"Na msibani?"

Kicheko kikakatika. "Pale nilikuwa na uchungu, wifi. Alikuwa ndugu yangu. Baadaye nikaona aibu kukanusha."

"Miaka thelathini na mmoja?"

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema. Changu kilikuwa na cherehani chake kabisa.

Sikumtukana. Nilinyoosha mkono, akanipa mkasi bila kuambiwa. Nikalikata gauni lile hadi mwisho, yeye kashika pindo. Kisha nikachukua miwani yangu, na cherehani changu nikaagiza kifuatwe siku ile ile.

Nyumbani nilifungua sanduku. Shati la mistari ya buluu nikalitia kola.