Baiskeli kwa Bei ya Kirafiki

Mgongo wa Fundi Pindo ulikuwa ukilalamika kabla ya mwenyewe. Akiinuka kutoka kwenye cherehani, ulitoa mlio kama mlango wa ghala, ndipo yeye akafuatia na "Aaah!" yake, na wateja wakajua suruali zao zimekaribia. Alikuwa fundi nguo, na jina la Pindo alipewa kwa haki. Kila nguo iliyotoka mikononi mwake ilikuwa na kifundo kidogo cha uzi mwekundu kilichofichwa ndani ya pindo, mahali ambapo mvaaji hapaoni hata ajikunje namna gani. Suruali nyeusi, uzi mwekundu. Gauni la bibi harusi, uzi mwekundu.

"Hayo ni majivuno," mkewe alimwambia.

"Majivuno gani yasiyoonekana?"

"Ndiyo mabaya zaidi."

Rafiki yake wa tangu utoto alikuwa kinyozi, na mtaa ulimwita Kisogo kwa kuwa ndicho alichokitazama kutwa. Wawili hawa walikaa dawati moja, walichanjwa kwa sindano moja enzi zile ambapo sindano moja ilitosha darasa zima, na upele walioupata waliupata pamoja. Kisogo alimnyoa Pindo bure, Pindo akamshonea Kisogo bure. Mmoja alikuwa na kidevu safi, mwingine suruali nzuri, na hakuna aliyewahi kupiga hesabu.

Kisha Kisogo akaingiwa na milima. Alikuwa na baiskeli ya rangi ya chungwa, na kila Jumapili alipanda nayo kilima chenye mnara wa simu, yeye na mfamasia na karani wa benki. Walirudi wana matope hadi masikioni. "Ile kona ya jiwe!" mfamasia angesema mlangoni mwa saluni, na wote watatu wangekufa kwa kicheko. Pindo naye alicheka, kwa adabu, kama mtu aliyefika kisa kikiwa kimeshasimuliwa.

Milima hakuwa na haja nayo. Mlima umemkosea nini mtu hata aupande? Alichotaka ni Kisogo wake, na kama Kisogo alikuwa mlimani, basi na iwe mlimani. Siku moja, sabuni ikiwa mashavuni, akatamka.

"Na mimi nataka baiskeli."

Wembe ulisimama hewani. "Wewe? Na mgongo huo wa kukunjua kama kiti cha turubai?"

"Ndiyo maana nakuuliza wewe."

"Sikiliza, ndugu yangu." Kisogo alipenda sana kuulizwa. "Ya springi ya mbele peke yake itakuua. Mbele inaokoa mikono. Nyuma ndiyo inaokoa kiuno. Wewe ni shokapu mbele, shokapu nyuma. Una hela?"

"Ninazo nilizolipwa za sare za shule."

"Basi una hela ya wastani. Tutahangaika."

Wakahangaika. Duka la kwanza lilikuwa na baiskeli nzuri mno, inayonesa kama mtu anayekubali kila usemalo. Pindo alitazama kikaratasi kilichoning'inia kwenye usukani akadhani ni namba ya simu ya mwenye duka. Walipotoka nje alikuwa bado anafuta jasho.

Duka la pili lilikuwa lile linalouza kila kitu, na baiskeli zilikuwa kati ya mifagio na masufuria. Moja ilikuwa na springi huku na huku, imepakwa rangi kama pipi, na bei yake ilikuwa ya kibinadamu. Pindo akaishika usukani kwa upendo. Kisogo alikandamiza kiti mara moja tu, akasonya.

"Hii springi ni pambo. Ukikanyaga pedali inadunda kama kitanda cha gesti, nguvu zako zote zinaishia humo. Na uzito! Utaipanda au itakupanda? Kwa hela yako, mpya ya shokapu mbili ni kujidanganya. Tafuta iliyotumika, ya mtu aliyeitunza."

Ushauri huo ulikuwa kweli tupu. Ndiyo maana uongo ulipofungwa ndani yake haukuonekana.

Wiki haikuisha, Kisogo akaleta habari: kuna jamaa anauza mafuta pale kituoni barabara kuu, ana baiskeli, shokapu mbele na nyuma, breki za diski, ana shida. Wakaenda. Ilikuwa ya kijani, inang'aa, inanuka rangi kidogo. Kisogo akachuchumaa na tochi mchana kweupe. Akatikisa gurudumu, akakandamiza kiti, akaweka sikio kwenye fremu kama daktari wa wajawazito.

"Kama ningekuwa na nafasi," alisema akiinuka, "ningeichukua mimi mwenyewe."

Kisha akamgeukia yule muuza mafuta akaanza kumshusha bei kwa ukali ambao Pindo hakuwahi kuuona. Alimwita mwizi. Alimuuliza kama mama yake anajua anachokifanya. Na muuza mafuta, kila mara kabla ya kukubali, alikuwa akimtupia Kisogo jicho, na Pindo akajisemea moyoni: tazama, mtu mzima anamwogopa rafiki yangu! Akalipa huku kifua kimejaa.

"Na ile yako ya chungwa utaendelea nayo?" aliuliza njiani, akisukuma mali yake.

"Nimempa mpwa wangu," Kisogo akasema. "Ya kwangu mpya inakuja Jumamosi."

Nyumbani mkewe aliizunguka baiskeli kama anayekagua mchumba wa binti. "Yaani umelipia kitu cha kuruka mashimo," akasema, "na mashimo tunayo bure."

Jumapili walipanda wanne. Kupanda kwenyewe kulikuwa kwa taabu lakini heshima ilibaki. Mfamasia alimpa Pindo maji, karani alimwita "mwenzetu", na Kisogo, juu ya baiskeli mpya nyeusi, aligeuka mara mbili kumtazama. Pindo alikuwa na furaha ya kitoto kabisa. Leo, aliwaza, nitaiona hiyo kona ya jiwe, na wakicheka nitajua wanacheka nini.

Likaja teremko. Mzizi wa kwanza, shokapu ya nyuma ikazama vizuri, laini, kiuno kikashukuru. Haikuinuka tena. Ilikaa chini kama kuku anayeatamia. Mzizi wa pili ukampata fundi wetu moja kwa moja kwenye mfupa wa makalio, bila mpatanishi, na wa tatu ukampanda hadi kwenye meno. Mafuta yalikuwa yakichuruzika kwenye fremu.

"Tutakusubiri kwenye jiwe!" Kisogo alipaza sauti kutoka chini.

Hawakusubiri. Pindo alilifikia jiwe akisukuma, akalitazama. Lilikuwa jiwe. Hakuona cha kuchekesha. Akasukuma hadi nyumbani, mgongo ukilia kwa zamu na cheni.

Jioni aliipindua uani. Kiti kilikuwa kimechanika pembeni, na fundi nguo hawezi kulala na kitu kilichochanika. Akachukua mkasi, akafumua gamba jeusi la juu ili alishone upya. Chini yake kulikuwa na gamba jingine, la ngozi ya rangi ya damu ya mzee. Ngozi hiyo aliijua. Ilikuwa ya kochi la sebuleni kwake, kipande kilichobaki alipolikarabati, ambacho siku moja alikikata akamshonea mtu kiti cha baiskeli ili asiumie. Akalikunjua pindo kwa kucha. Kifundo kilikuwepo. Chekundu.

Akakwangua fremu kwa ncha ya mkasi. Kijani kikatoka, rangi ya chungwa ikachungulia.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kati ya watu wote duniani, fundi nguo ndiye aliyepaswa kukagua.

Mkewe alimkuta amekaa chini, gamba la kiti mapajani. Alikuwa na maneno makali tayari, ya mashimo na ya hela. Alipouona uso wa mumewe aliyameza yote, akaenda kuwasha taa ya uani.

Kesho yake Pindo alikwenda kunyolewa, siku yake ya kawaida. Wateja watatu walikuwa kwenye benchi. Kisogo akamfunika shuka la kinyozi, akampaka sabuni, akaanza shavu la kulia.

"Pole ya jana, ndugu yangu. Shokapu ni kitu cha kuhudumiwa tu. Ipeleke kwa fundi, atabadilisha mpira, itakuwa mpya."

"Mpwa wako hajambo?"

"Mpwa yupi?"

"Uliyempa baiskeli."

"Aa, huyo! Hajambo, anaringa nayo."

Shavu la kulia likaisha. Pindo akatoa mkono chini ya shuka, akaweka gamba la kiti juu ya magoti, pindo likiwa juu, uzi mwekundu ukitazama dari. Kwenye kioo aliona macho ya Kisogo yakishuka, yakafika, yakakaa hapo.

Redio ilikuwa ikitangaza sabuni.

"Ningekuambia," Kisogo alisema kwa sauti ndogo, wembe umekaa kimya karibu na koo la rafiki yake. "Lakini ya kwangu mpya nilikuwa nimeshailipia nusu. Ningesema ni yangu, ungeniomba bei ya kirafiki."

"Na bei ya kirafiki ina ubaya gani?"

"Ubaya wake..." Kinyozi akapangusa wembe kwenye taulo. "Ubaya wake ni kwamba ningekupa."

Pindo alilitafakari jibu hilo. Alilipindua nje ndani kama anavyopindua koti la mteja, na kila upande aliona ni la kweli. Kama lingekuwa uongo lisingemuuma hivi.

"Hukusema shokapu imekufa," alisema. "Unaujua mgongo wangu, Kisogo. Ulijua."

Pindo akainuka, mgongo ukalia, na safari hii hakufuatia na "Aaah." Akatoka na shuka lake shingoni, shavu moja safi, jingine lina povu.

"Fundi! Umebakiza!" mteja mmoja wa benchi akapiga kelele.

"Mwambie aliyebakiza," Pindo akajibu bila kugeuka.

Mtaa mzima ulimwona akipita na povu linadondoka. Wa kucheka walicheka. Mkewe alikuwa mlangoni pa kibanda cha kazi.

"Mbona nusu?"

"Ndiyo bei ya kirafiki," akasema, akaketi kwenye cherehani.

Alilivua shuka shingoni. Nalo alilishona yeye, saluni ilipofunguliwa. Akalitafuta pindo, akakitoa kifundo chekundu kwa ncha ya sindano, taratibu, na nyuzi zilizokishikilia zikaachia moja baada ya nyingine mpaka pindo lote likaning'inia. Akalikunja vizuri shuka, kama la mteja yeyote, akampa mkewe alirudishe.

"Nimwambie nini?"

Pindo alijipangusa povu lililokuwa limeanza kukauka. "Mwambie nimemaliza."