Dawa Iliyoondolewa Kwenye Orodha

Mume wangu alipopata kazi Brussels, niliacha ualimu Dodoma nikamfuata. Nilitaka kazi ya kufanyia nyumbani, nikawa mkalimani wa simu. Mchana, watoto wakiwa shule, nilikaa jikoni kwetu, kitongoji cha Etterbeek, nikiwatafsiria watu walioko Marekani, ambako ndiyo kwanza kumekucha.

Simu nyingi zilitoka kwa kampuni moja ambayo si bima wala duka la dawa. Ilisimama katikati. Ilipanga orodha ya dawa ambazo bima italipia, na watengenezaji waliipa punguzo ili dawa zao zikae kwenye orodha hiyo. Punguzo liliishia wapi, sikuwahi kumsikia mgonjwa akiambiwa.

Siku moja niliunganishwa na mama mkimbizi, mzaliwa wa Lubumbashi, mgonjwa wa pumu. Alikuwa amekwenda duka la dawa kuchukua pampu yake ya kuvuta dawa ya kila mwezi, akaambiwa alipe bei nzima. Upande wa kampuni alikuwapo binti mwenye sauti ya upole.

Mkalimani hasemi "yeye anasema", husema "mimi". Basi kwa kinywa changu nikamwambia, "Samahani mama, dawa hiyo imeondolewa kwenye orodha, siwezi tena kuilipia. Naweza kulipia nyingine inayofanana nayo."

Nilisikia kifua chake kikilia.

"Docteur wangu njo anajua kifua yangu," akasema kwa Kiswahili cha kwao Kongo, 'njo' yake ikiwa 'ndiye' yetu. "Weye unanijua wapi?"

Alimuuliza binti, lakini mimi ndiye niliyeona aibu. Nikatafsiri. Binti akajibu, "Ni kweli, sikujui." Nadhani hilo halikuwamo kwenye maelezo aliyopewa asome. Akamwomba mama asikate simu, akapiga simu kliniki kwa daktari wa mama, nasi tukabaki tukisikiliza muziki wa kusubirisha.

"Maman unayetafsiri," mama akaita, "weye uko Amérique wapi?"

Sheria ilinikataza kuzungumza na mteja mambo yangu. "Niko Brussels, mama."

"Ah bon? Kule dawa munalipa namna gani?"

Nikamweleza kwamba natoa kitambulisho dukani, mfuko wa afya unalipa sehemu kubwa, nami namalizia.

"Na docteur akiandika, hawakatalake?"

Nilitamani kusema hapana. "Kuna wakati wanakataa, mama. Mimi haijanipata."

"Bon," akasema taratibu, kama mtu aliyetaka kujua tu.

Muuguzi alipopokea, binti alituunganisha sote, akamweleza kila kitu mwenyewe, mama asihangaike kurudia. Daktari akakubali kuandika ile pampu nyingine, na muuguzi akasema itakuwa tayari alasiri hiyo hiyo. Mama alimshukuru muuguzi, akamshukuru binti, kisha akaniambia, "Aksanti, maman. Salimia watoto."

Wiki iliyofuata msimamizi, aliyekuwa amesikiliza rekodi ya simu ile, alinikumbusha sheria, bila ukali. Nikaomba radhi. Kama pampu mpya ilimfaa yule mama sikupata kujua, kwa sababu simu ikishakatwa hatupewi njia ya kumtafuta mtu.