Paredi ya Haboba

Jumapili, tarehe sita Aprili. Manyunyu tangu alfajiri, matope mpaka mlangoni.

Asubuhi hii nilimwaga majivu ya jikoni ndani ya kopo la Haboba, na ile harufu ikanipanda puani kama zamani. Majivu yenye joto kidogo yakikutana na mkojo uliolala hutoa harufu ambayo sijaikuta popote pengine, kali, ya chumvichumvi, inayokaa kooni hata ukinywa chai. Nilitoka nje nikatema mate. Sijui kama hili ni jambo la kuandika. Shule yangu iliishia darasa la saba, na sina uhakika waliosoma huandika nini. Lakini nivumilie, maana nisipoisema harufu hiyo sitaweza kusema mengine.

Haboba ni mama yake baba yangu. Sisi wajukuu tulimwita hivyo, kama Wanubi wanavyowaita bibi zao. Baba yake alikuwa askari, yeye akazaliwa kambini, na Kiswahili chake mpaka leo ni cha kambi. Nilikuwa na miaka tisa mama aliponitoa Mbale, chini ya mlima Wanale, akanileta hapa Mafubira nisome, kwa sababu biashara yake ya vitunguu ilikuwa inamtoa nyumbani kabla jua halijachomoza. Kwetu Mbale afya ilikuwa swali moja tu: umeamkaje? Ukijibu vizuri, basi, unakwenda zako.

Kwa Haboba kulikuwa na paredi, gwaride kama la askari. Baada ya sala ya alfajiri alitupanga uani, mimi na binamu zangu wawili, kila mmoja na kopo lake la usiku miguuni. Alianza na ulimi. Kisha alivuta kope ya chini kwa kidole kilichonuka kitunguu saumu, akasogeza pua yake mpaka mdomoni mwako akanusa, akatazama kucha, akatazama nyuma ya masikio. Mpaka hapo ningevumilia. Halafu aliinama juu ya kopo na kijiti cha ufagio, akapekua, akageuza, kimya, kama mtu anayechagua mchele. Ndipo aseme, "Safi," nawe ujibu, "Ndiyo afande," naye amwage majivu. Baada ya hapo ni kikombe cha maji ya vuguvugu yenye majani ya mululuza, machungu kama nyongo. Chai ilikuja mwisho. Haboba alitukatia mkate, kisha akapotea nyuma ya jiko, nasi tukadhani anachochea moto. Niseme haki: alinawa kwa sabuni kila mara, tena mpaka kwenye viwiko. Hata hivyo mkate ule haukunipita kooni.

Halafu nikaanza kuona damu.

Tulikuwa tukienda naye Masese kununua mukene, wale dagaa wa ziwani, na wakati yeye anabishana bei sisi tulicheza majini, maji yakitufika mapajani. Sikujua kwamba maji yale na damu vinahusiana. Nilijua tu kwamba tumbo linaninyonga na kinachotoka kina damu, na kwa akili yangu mtu anayetoka damu ndani anakufa. Niliogopa kufa, lakini niliogopa zaidi kile kijiti. Nikawa najibana usiku kucha, na asubuhi navuka ua kimyakimya kwenda choo cha jirani.

Kwa siku chache Haboba alikuta kopo langu lina mkojo tu. Kisha asubuhi moja, nimechuchumaa kule, nikasikia ndara zake zinakuja. Watoto wa jirani walikuwa nje wanapiga mswaki. Mmoja akaniambia mlangoni, kwa sauti ya kuimba, "Toka kuruti, kamanda amefika." Mama yao akauliza kwa upole kama mtoto ameiba.

"Hapana kuiba," Haboba akasema. "Yeye naficha."

Akasukuma mlango, akaweka kopo langu mbele yangu. "Hapa," akasema. Akanipa mgongo, akatanua leso yake mlangoni, akasimama hivyo mpaka nilipomaliza. Kisha akageuka, akaangalia kwa muda mrefu.

"Haboba, nakufa?"

"Bado. Vaa nguo."

Kliniki walinipima urefu kwa mti wenye alama ili wajue idadi ya dawa, wakanipa vidonge vikubwa, vichungu kuliko mululuza, wakasema ni kichocho cha tumbo, kinachotoka kwenye maji ya ziwa. Nilipona. Lazima niseme pia kwamba baadaye vidonge vilevile viligawiwa shuleni, kwa hiyo pengine ningepona hata bila yeye. Na mara nyingine alikosea. Binamu yangu alinyweshwa mululuza wiki nzima, kumbe shida ilikuwa jino bovu. Mimi sikumshukuru. Watoto wa jirani waliniita Kuruti wa Choo mpaka nilipomaliza shule, na kwa miaka mingi nilimwona Haboba kama mtu aliyezaliwa bila kinyaa, kama wengine wanavyozaliwa bila kusikia baridi.

Sasa hawezi kutoka nje mwenyewe. Nimekuja kutoka Mbale kumtunza, na kila asubuhi naangalia kopo lake kwa sababu daktari aliniambia niangalie. Sijazoea, na nilikuwa nadhani mtu anayemwonea bibi yake kinyaa hivi hana moyo wa kumtunza.

Leo nilikuta amelifunika kopo kwa leso na kulisukuma chini ya kitanda. Nikalivuta. Akageukia ukutani.

"Acha. Chafu hiyo."

Nikamwambia, Haboba, si wewe ulikuwa unapekua ya kwangu?

"Kwani wewe nafikiri mimi nilipenda? Kila siku nilitapika nyuma ya jiko. Chai yangu ilikuwa haipiti."

Nikajaribu kukumbuka hata asubuhi moja ambayo alikunywa chai pamoja nasi. Sikuipata.

Basi nikaangalia, sikuona kitu kibaya. Nikasema, "Safi." Naye, uso bado ukutani, akajibu, "Ndiyo afande." Nikamwaga majivu, nikatoka nje kutema mate.

Jioni tulikula posho, ule ugali wa mahindi, na mukene wa karanga. Mimi nilikula matonge machache tu, maana ile harufu ilikuwa bado kooni. Haboba alimaliza yake, akaitazama sahani yangu, akaniambia nisogee karibu na taa nitoe ulimi.