Klachi ya Paja

Gari lenyewe lilikuwa la jeshi. Lilivyotoka jeshini sijui vizuri, na sitaki kuandika nisichokijua. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliniambia kwamba liliuzwa mnadani zamani, likabebea mtu maji huko Likoni, kisha likamfikia yeye, likamkalia uani mpaka kuku wakataga ndani yake. Ni Landrova ya zamani, ya turubai, ambayo milango yake unaing'oa kwa mkono. Kuna mtu katikati hapo alilipaka buluu, lakini ile kijani ya kwanza ilikuwa ikichungulia kila palipochubuka.

"Chukua, yakhe," shemeji aliniambia. "Likutoe nyumbani."

Mimi nilikuwa dereva wa malori ya kontena, kutoka bandarini kwenda bara. Sukari ikanila mguu wa kushoto, madaktari wakaukata juu ya goti. Sikupata ajali, na sikugongwa na mtu. Kilikuwa kidonda cha kiatu tu. Hata hilo lilinitia haya, maana watu wakiniuliza walikuwa wametayarisha masikio kwa habari ya ajali, nami nikawa nawapa kiatu.

Tangu nitoke hospitali nilikuwa mtu wa kubebwa. Stejini pale Magongo makanga wa matatu walinishika mshipi kunipandisha, mmoja amebeba magongo yangu ya kutembelea, mwingine ananisukuma makalioni, na kelele juu: "Pisheni mzee! Magongo yanapanda Magongo!" Watu wakicheka. Nisiwasingizie, walikuwa wakinisaidia, na hawakungoja shukrani. Lakini nilirudi nyumbani nimechoshwa na haya kuliko na safari, na mwisho nikaacha kutoka. Nilichotaka ni kimoja tu: nijipandishe mwenyewe, niendeshe mwenyewe, nirudi mwenyewe.

Kulikuwa na jambo la pili, ambalo sikumwambia mtu. Mke wangu alikuwa hajakiona kigutu changu. Hospitalini wauguzi ndio walionifunga. Nyumbani nilioga mlango nimeufunga, nikafua vitambaa vyangu mwenyewe, nikalala nimejigeuzia ukutani. Mwanzo aliuliza. Kisha akaacha kuuliza, nami nikajiambia ameridhika. Sijui kama niliamini hivyo au nilitaka tu kuamini.

Fundi niliyempelekea gari ni mtu wa bara, Mkristo, ana gereji yake nyuma ya barabara ya Magongo. Mwili mdogo, sauti kubwa. Alilizunguka gari mara mbili akiligonga gonga.

"Mzee, hii kitu ni bolti tupu," alisema kwa furaha. "Hizi gari za siku hizi ukigusa kitu inalia. Hii haina cha kulia. Naikata, naichomelea, inanyamaza."

Shida ilikuwa klachi. Mafuta na breki ni vya mguu wa kulia, na huo ninao. Klachi ni ya mguu wa kushoto. Fundi alifikiria kuiwekea mkono, lakini mkono wa kushoto unatakiwa kwenye gia, na wa kulia kwenye usukani, na mkono wa tatu Mungu hakutoa. Mwisho akanitazama nilivyokaa, akasema, "Si paja liko?" Akaeleza. Angechomelea chuma kwenye pedali, kipande kipande, kije juu mpaka usawa wa kiti, na juu yake aweke mto wa ngozi. Nikitaka klachi, nakandamiza mto kwa paja, chuma kinasukuma pedali. Nikiondoa paja, pedali inarudi.

Wazo lilikuwa zuri. Nasema hivyo hata sasa, baada ya yote.

Mto tuliukuta Bombolulu, kwa mshonaji wa ngozi ambaye naye hana miguu ya kutembelea, anafanya kazi akiwa juu ya kiti cha magurudumu. Miguu yake ilikuwa imelala pale mbele ya kila mtu, myembamba, ndani ya kaptura, na yeye hana habari nayo. Aliniuliza kama anayeuliza saizi ya shati.

"Kigutu chako ni kirefu kadiri gani, ndugu yangu? Hebu nikione."

"Fundi ana kipimo," nilimjibu.

"Kipimo ni kipimo. Ngozi inataka kuona inachokalia."

"Kipimo kinatosha," nikasema, nikajishika saruni kwa mikono miwili kama mwari. Alinitazama kidogo, akachukua kipimo cha fundi akakitumia. Nilimwonea haya yeye, na yeye hakunionea haya hata chembe, na hilo nalo lilinizidishia.

Sasa niseme kipimo hicho kilipatikana vipi. Kwetu paja la mwanamume ni uchi. Kuanzia kitovu mpaka goti hufunikwa mbele za watu. Na mimi goti la kushoto sina, kwa hivyo mguu wote uliobaki upande huo ni uchi. Fundi naye, kwa kuwa amekaa na Waislamu miaka na anatuheshimu, hakuthubutu kuniambia nifunue. Alikuja na futi yake, akageuza uso upande, akapima juu ya saruni, na mikunjo yake yote. Pale saruni ilipoishia kukaza, akahesabu ndipo paja lilipoishia. Nami nilijua si hapo. Saruni ilikuwa imening'inia mbele. Nilikaa kimya, maana ningesema neno moja ingebidi nioneshe.

Siku ya kulijaribu gari uani pa gereji palijaa. Sikumwalika mtu, lakini Changamwe hapo husikii injini ya zamani ikiwaka bila watu kutoka. Mke wangu alikaa kushoto kwangu na buibui lake, amebeba mkoba kama anayekwenda arusini. Niliwasha. Nikaweka paja juu ya mto, nikakandamiza, nikaingiza gia ya kwanza. Iliingia kwa kelele lakini iliingia. Nikasikia mwilini ile raha ya zamani, chuma kikitetemeka chini yangu kikisubiri amri yangu.

Kisha saruni ikateleza juu ya ngozi. Ncha tu ya kigutu ndiyo iliyokuwa imeshika, na ncha haikuweza. Pedali ikaruka juu, gari likaruka mbele kama mbuzi, likaingia kwenye rundo la matairi na kuzimika. Matairi yakabiringika uani, moja likaenda mpaka kwa mama wa mahamri pale nje.

"Jeshi limevamia!" akapiga kelele mtu.

"Mzee, vita viliisha zamani!"

"Mwacheni, anatafuta adui!"

Nilicheka nao, kicheko cha mtu ambaye hana pa kuingia. Mke wangu aliokota mkoba wake chini akaufuta vumbi, asinitazame.

Fundi alikuja mbio. Badala ya kunilaumu, akasema kwa ile sauti yake kubwa, wote wasikie: "Ni mimi! Mimi ndiye nilikosea kipimo!"

Nilisema, "Si wewe, fundi." Lakini nilisema kwa sauti ndogo, na sina hakika kama kuna aliyesikia zaidi ya mke wangu.

Akainama dirishani. "Mzee, nisamehe. Mimi niliogopa kukuuliza ufunue. Nilifikiri kwenu ni dhambi. Sasa hii chuma siwezi kuirekebisha bila kujua paja linagusa wapi. Na wewe mwenyewe huwezi kuona huko chini." Akafikiri kidogo. "Mtu akipaka unga kwa ngozi ya mguu, halafu akanyage mto, unga utabaki pale panapogusa. Mimi sitaangalia. Mama aangalie, aniambie."

Nilitaka kusema tuache, tulirudishe gari kwa kuku. Neno lilikuwa limefika mdomoni. Mke wangu alikuwa ameshashuka. Alikwenda kwa mama wa mahamri, akarudi na unga kwenye kikombe na leso tatu za kuazima. Akazitundika kwenye vyuma vya turubai, moja mbele, moja kwa upande wangu, moja nyuma yetu. Upande wake akaziba kwa mgongo. Ndani pakawa pekundu kwa rangi ya leso, na joto kama tanuri.

"Funua," akasema.

"Hapa?"

"Nyumbani umekataa. Haya, funua."

Nilifunua. Nikatazama mbele, lakini mbele kulikuwa na leso tu, nikaitazama leso. Nikasikia kidole chake kikipita chini ya paja, mahali ambapo sijawahi kupaona mimi mwenyewe.

"Hiki tu?" akasema.

"Hicho tu nini?"

"Kimejaa vipele vya joto kama mtoto mchanga. Mtu anajifunga vitambaa hivi Mombasa hii, kwani uko baridini?" Sauti yake ilikuwa ya ugomvi, kisha ikabadilika. "Mimi nilidhani kimeoza."

Sikumwelewa.

"Ulivyokuwa ukikificha. Nilidhani kidonda kimerudi, hutaki niambiwe, mpaka siku moja waje kukukata tena, au nikukute ndiyo basi. Kila nikifua mashuka nilikuwa nikiyanusa kwanza."

Hapo ndipo nilipoona haya, na zile zote za stejini na za matairi zilikuwa mchezo. Nilikuwa nimejihesabia kwamba siri hiyo ni yangu na uzito wake naubeba mimi. Kumbe kila wiki, kule uani kwenye beseni, mtu alikuwa akiinua shuka langu puani kutafuta kifo changu. Nilisema, "Hakijaoza," neno la kijinga, maana alikuwa amekishika mkononi.

"Naona," akasema. Akanipaka unga kwa kiganja, taratibu, pande zote, kama anayetayarisha samaki. "Kandamiza."

Nilikandamiza. Nilipoinua, kwenye ngozi nyeusi ya mto palikuwa na doa jeupe dogo pembeni, basi. Mke wangu akatoa kichwa nje ya leso.

"Fundi! Inagusa ncha tu! Kwengine kote hewa!"

"Mama, mfupa umeishia wapi?"

"Nyuma zaidi! Huu mguu ni mfupi kuliko mlivyopima! Urudishe mto nyuma shibiri nzima!"

"Unene je?"

"Unene upo, wa kutosha! Ni nyama laini, usiweke ngozi ngumu!"

Uani pote kimya. Ninaapa hata yule mama wa mahamri aliacha kukaanga. Urefu na unene wa paja langu vilikuwa vinatangazwa Magongo nzima kwa sauti ya mke wangu, ambaye ndani ya nyumba hata kuniita chakulani huwa anaita kwa upole. Nilijifunika uso kwa mikono. Na yeye, alipoingiza kichwa ndani na kuniona, alicheka mpaka akashika usukani asianguke.

Fundi alikata chuma, akakirudisha nyuma, mshonaji wa Bombolulu akaushona mto upya kwa ngozi laini. Safari hii alipoomba kuona, nilimwambia mke wangu amweleze, naye akamweleza kwa mikono. Leseni nayo nilibadilisha, wakaguzi wakaja wakalikagua gari, na mkaguzi mmoja akaniuliza kwa adabu kama inawezekana kweli. Nilimzungusha mara moja akaridhika. Naendesha sasa. Naenda Kongowea na mke wangu kuchukua ndizi na nyanya za biashara yake, tunarudi kabla malori hayajajaa barabarani. Napanda mwenyewe: nang'oa mlango, natanguliza makalio, nageuka.

Ila saruni bado inateleza. Tumejaribu suruali, inabana. Tumejaribu soksi nene, vipele vikarudi. Lililobaki ni kuipandisha saruni upande wa kushoto kabisa, ngozi kwa ngozi, na nikiwa nimekaa hivyo, mwenye kiti cha kushoto anaona kila kitu. Kwa hivyo kiti hicho hakikaliwi na mtu ila mke wangu. Wengine wote hupanda nyuma, kwenye yale mabenchi ya wanajeshi, wakishikilia vyuma.

Wiki iliyopita imamu wetu, mtu mzima wa kuheshimiwa, alitusimamisha njiani akitoka mazikoni, akaomba lifti mpaka Changamwe. Alikuja moja kwa moja upande wa mbele, kama inavyompasa. Mke wangu hakusogea. Mimi nikashusha saruni haraka, nikasema, "Sheikh, samahani sana, nyuma, tafadhali." Alinitazama, akamtazama mke wangu, akasema, "Inshallah," akazunguka na kanzu yake nyeupe akapanda kule kwenye magunia ya nyanya.

Nilipandisha saruni tena, nikaweka gia. Huko nyuma nilimsikia akikohoa kwa vumbi njia nzima. Sijamweleza mpaka leo, na kila Ijumaa nikimwona nachagua safu ya nyuma kabisa. Mke wangu anasema nikamwambie tu, imamu ataelewa, ni mtu wa elimu. Naamini ataelewa. Lakini kumwambia ni lazima nianze na neno paja.