Saba ya Nini

Mimi nilijijenga mwenyewe. Nilizaliwa Bukavu, mtoto wa wakimbizi wa Rwanda, nikauza sabuni hadi nikapata diploma ya biokemia, na tuliporudi Rwanda baada ya vita, katika bohari ya mradi wa maji pale Kamembe hakuna mwingine aliyeweza kusoma karatasi za dawa ya klorini. Sijisifu, ndivyo ilivyokuwa.

Ng'ambo ya mto, upande wa Bukavu, vita vilikuwa vimeanza tena, na kipindupindu kilikuwa kikitembea kando ya ziwa. Tulipokea dawa za aina mbili, ya unga na ya maji. Mkubwa wangu wa kazi alitaka jedwali moja la kunakiliwa na wahudumu wa matangi. Nililichora kwa rula: jina la dawa, nguvu yake, kiasi cha kutia kwenye tangi la lita elfu moja. Ya unga, 7. Ya maji, 100. Shuleni kwetu vipimo viliandikwa mara moja tu, kwenye mstari wa juu, na chini zikafuata namba tupu. Mstari huo wa juu niliujaza cheo changu na diploma yangu, kwa herufi kubwa, nikapiga na muhuri.

Asubuhi moja mama anayetunza tangi la kisiwa cha Nkombo alinakili jedwali kwenye daftari lake, akachukua kopo la dawa ya unga, akarudi kisiwani. Saa sita, nikila maharagwe, nililitazama jedwali langu ukutani kwa raha, kama kawaida yangu. Hapo ndipo nilipoona kwamba hakuna gramu wala mililita popote. Niliacha sahani hapo hapo.

Nilibeba mizani ndogo, nikapanda mtumbwi wa mashine. Njia nzima nilipiga hesabu. Akitia vijiko saba, maji yatanuka na kuchoma koo. Watu watalikimbia tangi na kurudia maji ya ziwa, mle mle ulimo ugonjwa.

Nilimkuta ameketi kando ya tangi, wanawake wamempangia madumu matupu mbele yake.

"Papa Diplome," alisema, "saba ya nini?"

"Gramu, maman."

"Mwalimu anasema vijiko. Muntu wa kanisa anasema makopo, juu muntu wa diplome hawezi kupima na kijiko."

Wanawake walicheka. Mimi sikuweza.

"Umetia ngapi?"

"Sijatia kitu. Batoto beko banakunywa maji ya ziwa tangu asubui."

Niliweka mizani juu ya jiwe, nikapima. Gramu saba hazikufika hata vijiko viwili vya chai. Nilitia, nikakoroga, tukangoja nusu saa. Nilichukua daftari lake, nikaandika gramu kando ya saba na mililita kando ya mia. Alinitaka nimsomee kwa sauti, mara mbili, kama mtoto wa shule. Kisha akajaza kikombe.

"Wewe kwanza, papa."

Nilikunywa chote, wao wakinitazama koo. Ndipo madumu yakaanza kujazwa.

Sikurudi Kamembe siku hiyo. Kwa siku tatu nilipita nyumba kwa nyumba nikiuliza kama kuna mtoto anayehara. Kila nyumba walisema hapana, na kila mara niliomba nimwone mtoto mwenyewe.