Jamaldin Aliyeweka Dau Mlango wa Mamake

Mtu alipokutana na Jamaldin kwa mara ya kwanza, jambo aliloliona kabla ya jingine lolote ni kwamba Jamaldin hakumtazama usoni. Alimtazama miguuni. Alitoa salamu kwa adabu zote, akauliza hali ya nyumbani na ya wazee, na muda wote huo macho yake yalikuwa kwenye kisigino cha mgeni, yakipima upana wa wayo na kuangalia kidole kipi kinabeba uzito. Watu walimsamehe kwa kuwa alikuwa mshoni wa makubadhi, na katika Mji wa Kale wote hapakuwa na makubadhi yaliyokaa mguuni kama ya mkono wake. Dada yake Badria, mkubwa kwake, aliyerudi nyumbani kwa wazazi wao baada ya kufiwa na mume, hakumsamehe sana.

"Huyu hata akiletewa mkwe," alikuwa akisema, "atamjua kwa nyayo, uso ataulizia baadaye."

Tabia hiyo ndiyo iliyomwingiza Jamaldin katika tenisi.

Miaka ile, kabla ya vita vya Mjerumani, Wazungu kadhaa walikuwa bado wamepanga ghorofa za mjini, nao walikuwa na kiwanja chao upande wa kwendea Mbaraki. Kiwanja chenyewe kilikuwa cha udongo wa kichuguu. Mgiriama mmoja, Mung'aro, aliusomba kutoka bara, akauponda, akaunyunyizia maji na kuuviringishia jiwe mpaka ukawa laini kama sakafu. Udongo ule ulikuwa na adui mmoja, naye ni mvua. Kwa hiyo msimu wa mchezo ulikuwa ni kaskazi, jua linapowaka na ardhi kukauka. Masika ikianza, kiwanja kiligeuka tope, na mchezo ukalala mpaka mwaka mwingine.

Watu wa mji walikwenda kutazama wakiwa nje ya ua. Mwanzoni walicheka kuona watu wazima wenye vyeo wakifukuzana na kijimpira. Lakini Mombasa haijapata kutazama kitu ikakiacha kizima; lazima ikigawe pande mbili. Ngoma ina pande mbili, harusi ina pande mbili, na haikupita muda tenisi nayo ikawa nazo. Mji wa Kale walimchukua Mzungu mrefu aliyekaa katika kichochoro chao, wakamwita Korongo. Watu wa mtaa wa Bondeni walimchukua mwingine, mfupi mwenye kifua kama kasha, aliyekuwa na kazi bandarini na kununua matunda kwao. Huyo wakamwita Pipa. Wazungu hao wenyewe hawakujua kwamba wana mitaa. Michezo ya wawili kwa wawili watu waliidharau, kwa sababu hujui umsifu nani na umlaumu nani. Walitaka mtu kwa mtu.

Wakaanza kuwekeana dau. Hakuna aliyeweka fedha, maana fedha ni kamari, na kamari ni haramu. Waliweka mbuzi, gunia la mchele, kanzu ya darizi.

"Hii si kamari, dada," Jamaldin alimwambia Badria. "Ni heshima ya mtaa."

"Na yule mbuzi waliyemla watu wa Bondeni, mchuzi wake ulikuwa na heshima ya nani?"

"Yule aliwekwa na Hadi wa mtaa huu. Hadi hajui kusoma miguu."

Jamaldin alijua. Wachezaji walipoondoka, na kabla Mung'aro hajaleta jiwe lake, alichungulia kupitia ua akazisoma nyayo zilizobaki juu ya udongo. Aliona kwamba Pipa hukita kisigino na kuchimba, na mtu anayechimba huchoka. Korongo aliteleza, akauacha mstari mrefu ulionyooka kama uliopigwa rula. Kaskazi nzima Jamaldin aliweka kwa Korongo, na kaskazi nzima alipata. Watu wakaanza kumwendea kibarazani kumwuliza kabla hawajaweka chochote, na wengi wao hawakuwa na haja ya makubadhi. Badria, akiwa ndani, alisikia sauti ya ndugu yake ikinenepa siku hadi siku.

Ndipo alipokuja Faraj wa Bondeni, mwuza boriti, aliyekuwa akijenga nyumba mpya. Alikaa kibarazani, akanywa kahawa, akaupapasa mlango wa nyumba ile kama mtu anayempapasa ng'ombe sokoni. Ulikuwa mlango wa nakshi, wenye minyororo iliyochongwa kwenye miimo na mawaridi kwenye mfaa wa katikati. Marehemu mama yao alikuja nao kutoka kwao alipoolewa.

"Ami yangu Jamaldin," alisema Faraj, "nasikia siku hizi wewe ndiye mganga wa Wazungu."

"Mimi ni mshona viatu tu, bwana."

"Basi mshona viatu na aweke kiatu. Wenye moyo tutawekeana wenyewe."

Watu walicheka. Jamaldin akauliza yeye Faraj anaweka nini. Faraj akamtaja punda wake mweupe wa Maskati, ambaye mji mzima ulimjua kwa kengele zake.

"Na mimi niweke nini kinacholingana na punda huyo?"

"Umekiegemea," alisema Faraj.

Badria hakuambiwa lolote. Alichoambiwa ni kwamba jirani yao Mzungu ana kazi kubwa Jumamosi, na si uungwana mtu wa mtaa atoke kwenda kuupigania mtaa bila ya kula chakula cha mtaa. Hiyo ilikuwa ada ya siku zote. Manju wa ngoma hupelekewa sinia, na nahodha wa mashindano ya ngalawa hupelekewa sinia. Badria alipika kwa moyo safi. Alipakua pilau ya mbuzi iliyong'aa samli, akaongeza kaimati na bakuli la halua, akafunika kwa kawa na kumkabidhi Barnabas, mtumishi wa Korongo, kijana wa misheni ya Kisauni.

Korongo kwa kawaida alikula mayai ya kuchemsha na nyama ya mkebe. Alipoletewa sinia lile adhuhuri aliuliza maana yake. Barnabas, kwa nia njema kabisa, akamweleza kwamba ni heshima kubwa, na kwamba kurudisha sinia lenye chakula ni kuwatukana wenye nyumba. Mzungu yule alikuwa na adabu zake. Alikula mpaka maua ya sinia yakaonekana.

Alasiri aliingia kiwanjani jasho likimtoka kabla ya kukimbia. Mstari wake wa kuteleza haukuonekana tena. Alikokota miguu na kuchota udongo kama kuku. Mara mbili alisimama ameshika tumbo. Pipa alimpiga kushoto, akampiga kulia, na watu wa Bondeni wakaanza kuimba kabla mchezo haujaisha.

Asubuhi yake Badria alisikia hodi. Akasimama nyuma ya mlango kama ilivyo desturi, akauliza ni nani.

"Ni maseremala, Bibi. Tumetumwa na Bwana Faraj. Tunaomba radhi, tumekuja kuchukua mlango."

"Mlango gani?"

"Huu uliosimama nyuma yake."

Alidhani ni mzaha. Akamwita ndugu yake, na Jamaldin akashuka ngazi akitazama miguu yake mwenyewe. Hapo Badria akajua. Alipanda juu, akajitanda buibui ndani ya nyumba ya baba yake, akakaa akisikiliza misumari ya kale ikilia ikitolewa ukutani. Maseremala walipomaliza, mwangaza wa kichochoroni ulimwagika mpaka uani, mahali ambapo jua halikuwahi kufika tangu nyumba ijengwe.

"Samli ilizidi," alisema Jamaldin mwishowe.

Badria alimgeukia. "Ulimpima nyayo msimu mzima. Tumbo lake ukaniachia mimi."

"Sikusema ni makosa yako."

"Umesema samli. Samli ina mikono?"

Walitundika jamvi mahali pa mlango. Lakini jamvi si mlango. Mbuzi waliingia. Wapita njia walikohoa kwa heshima, kisha wakachungulia. Badria akawa hana pa kuvua buibui isipokuwa chumbani, na wageni wake wa kike wakapungua, kwa kuwa hakuna mwanamke anayependa kukaa anywe kahawa barabarani. Faraj alipita siku moja juu ya punda wake, akasema kwa sauti ya kusikika ndani, "Mlango wenu hajambo, anawasalimu. Amezoea Bondeni." Jamaldin aliendelea kushona, na sindano ikamchoma kidole.

Jirani yao Mwanabaraka, mwanamke aliyezijua sheria kwa kuolewa na kuachwa mara nyingi, ndiye aliyemfumbua macho Badria. "Mwanangu, mlango ni urithi wa mama yenu, na wewe una fungu lako. Tena kilichochukuliwa kwa kamari hakikuchukuliwa. Mpelekee kadhi maneno."

Badria alipeleka. Jibu likarudi kwamba kadhi yuko tayari kuwasikiliza, lakini ndugu aje mwenyewe aseme mbele ya watu aliuweka mlango kwa sababu gani.

"Siendi," alisema Jamaldin.

"Neno moja tu, Jamali. Useme ulicheza kamari, mlango urudi."

"Nikisema hivyo, nani atavaa makubadhi yangu kwenda nayo msikitini? Leo mimi ni mtu aliyeshindwa. Kwa kadhi nitakuwa mla haramu."

"Na mimi leo ni nani? Mwanamke anayekaa sokoni."

 Jamaldin alitazama pembeni, akasema kwamba kabla ya masika kuna mchezo mmoja wa mwisho, Korongo na Pipa, mtu kwa mtu. Faraj amekubali kuurudisha mlango kwenye dau. Badria akauliza upande wao umeweka nini. Jamaldin aliweka kidole juu ya ubao wake wa kukatia ngozi, akakipeleka polepole mpaka kwenye kibaraza alichokalia, mahali alipoketi baba yake na babu yake wakishona.

Badria hakulia wala hakugomba. Bila ya neno la Jamaldin hakuna kesi, na neno lile hangelipata. Kilichobaki kwake kilikuwa miguu ya Mzungu ambaye hajawahi kuuona uso wake. Tangu siku ile, yeye aliyekuwa akiulaani mchezo ule, alianza kumwita Barnabas kutoka nyuma ya jamvi na kumwuliza bwana wake amelalaje, na kama kile kifundo cha mguu kilichovimba juzi kimeshuka. Alipanda juu ya dari kutazama mawingu, akaomba mvua isinyeshe, huku visima vya mtaa mzima vikiwa vimekauka na watu misikitini wakiomba inyeshe. Akajisikia amekuwa kama wale wanaume wanaotazama nje ya ua wa kiwanja.

Jumamosi ikafika. Asubuhi wingu zito lilijikusanya upande wa Kilindini, likasita, likabaki pale pale. Adhuhuri Korongo alipita kichochoroni amevaa nguo nyeupe, raketi kwapani, akipiga mluzi, na wala hakulitazama jamvi. Jamaldin alimfuata kwa mbali, macho chini. Nyuma yao wakaenda wanaume wote wa mtaa, na kichochoro kikawa kitupu.

Badria alikaa dirishani ghorofani, mahali anapoweza kuona kona ya kuingilia mtaani. Alikuwa amemwomba Barnabas awe wa kwanza kurudi, vyovyote itakavyokuwa. Upepo ulikuwa umegeuka, ukaleta harufu ya mvua ya mbali. Mchezo bila shaka ulikuwa umeanza. Aliifumbata mikono yake, akaikazia macho ile kona.