Sarafu Nyekundu za Muuza Matunda

Shangazi yangu amefanya kazi miaka kumi na tisa katika chumba cha sarafu, nyuma ya benki. Sarafu iliyoharibika humweleza ilikopita. Yenye ukingo uliojikunja ilizungushwa na mashine ya kukaushia nguo. Iliyofubaa na kuota malengelenge ilinusurika moto. Wenzake humwita Daktari.

Asubuhi moja meneja alimwita ofisini. Kwenye benchi alikuwa ameketi muuza matunda, sinia mapajani, mlinzi kamsimamia. Mezani palikuwa na sarafu saba za shaba ya manjano alizoleta kuweka benki, kila moja nusu yake nyekundu.

"Bandia hizi," meneja alisema. "Polisi wanakuja saa kumi."

Shangazi aliinusa moja, kisha akailamba.

"Bi mkubwa, unalamba ushahidi?" meneja akamaka.

"Ushahidi wenyewe una chumvi." Akamgeukia yule mama. "Dada, ukiuza, hela unatia wapi?"

"Si humuhumu, kwenye kikombe cha maji ya ndimu na chumvi ninayonyunyizia matunda. Mikono imelowa, wateja wamenizonga, nianze kutafuta mkoba? Jioni nazisuuza."

Shangazi akaeleza: ndimu na chumvi huila ile manjano, ikabaki shaba nyekundu. Palipobaki juu ya maji hapaguswi.

"Hadithi tamu," meneja akasema.

"Basi lete sarafu yako, bosi."

Shangazi akaisimamisha ndani ya kikombe cha mama, nusu majini, juu ya meza ya meneja, kila mtu akarudi kazini. Hapa ndipo damu yangu huchemka. Kutwa nzima makarani walipita wakimkodolea macho yule mama, na kabla ya Shangazi hakuna aliyemuuliza hata swali moja. Ukijitwika sinia, kosa lako hutangulia jina lako.

Saa tisa na nusu Shangazi aliiopoa sarafu kwa kijiko. Nusu manjano, nusu nyekundu. Meneja akaikwaruza kwa kucha, akaigeuza mara tatu, akainua simu kuwaambia polisi wasijisumbue.

"Samahani, mama."

"Samahani haiuzi matunda, baba. Yatazame yalivyonyauka."

Makarani wakaangua kicheko. Meneja akatoa pochi, akanunua sinia zima, na benki nzima ikala, mlinzi akidai aongezewe ndimu. Shangazi akampa yule mama kopo lenye mfuniko la kutilia hela. Naye akajitwika sinia tupu, akatokea mlango wa mbele, taratibu, kama mteja yeyote.